Pulsa zinaporuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mabadiliko ya ghafla ya mzunguko

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyewahi kusikia kwamba kuna nyota zinazotoa mapigo kwa mpangilio kama saa, halafu akasikia kwamba saa hizo mara nyingine hujisogeza mbele zenyewe bila kuguswa na mtu. Nimeyapanga majibu kwa mfuatano ambao mimi mwenyewe ningependa kuelezwa. Kama pulsa unaijua tayari, anzia swali la tatu.

Pulsa ni nini hasa?

Nyota kubwa, yenye uzito wa mara nane ya Jua au zaidi, ikimaliza fueli yake huporomoka ndani na kulipuka. Mlipuko huo ndio supanova. Mara nyingi kinachobaki katikati ni nyota ya nutroni: uzito unaozidi ule wa Jua zima, umesongwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 25 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha maada hiyo kina uzito unaopita tani bilioni moja.

Nyota hii huzunguka kama pia. Uga wake wa sumaku ni mkali ajabu, na kutoka karibu na ncha za sumaku hutoka mwale wa mawimbi ya redio. Mwale ukipita upande wetu tunapokea pigo moja, kama baharia anavyouona mwanga wa mnara wa taa ukimpitia na kupotea. Kila mzunguko una pigo lake.

Ya kwanza ilionekana mwaka 1967 huko Cambridge, Uingereza, na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu. Alikuwa akikagua kwa macho yake karatasi ndefu za kurekodia mawimbi, akaona alama ndogo isiyofanana na kitu chochote alichokizoea. Ilijirudia kila baada ya sekunde 1.337. Leo tunajua pulsa zaidi ya 3,000, na yenye kasi kuliko zote huzunguka mara 716 kwa sekunde.

Kwa kawaida mzunguko wa pulsa hubadilikaje?

Hupungua, tena polepole mno. Kuuzungusha uga wa sumaku wenye nguvu kiasi hicho kunagharimu nishati, na nishati hiyo hutolewa kwenye mzunguko wenyewe. Pulsa ya Vela, ambayo tutaitaja sana hapa, huzunguka mara moja kwa milisekunde 89 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde); kila siku muda huo unarefuka kwa nanosekunde 11 hivi, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Pulsa ya Nebula ya Kaa, iliyozaliwa na supanova ambayo Wachina waliiandika mwaka 1054, hurefusha mzunguko wake kwa nanosekunde 36 hivi kwa siku. Kupungua huku kunatabirika kiasi kwamba unaweza kusema leo pigo fulani litafika lini mwakani.

Isipokuwa nyota iamue kuruka.

Mruko wa mzunguko ni nini?

Ni kasi ya mzunguko kuongezeka ghafla. Nyota iliyokuwa ikipunguza mwendo miaka nenda miaka rudi inaongeza mwendo kufumba na kufumbua, kisha inaendelea kupunguza kama kawaida yake. Wanaastronomia wengi huuita glichi, neno lililotoka kwenye mitambo likimaanisha hitilafu ndogo. Silipendi neno hilo kwa jambo hili, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Mruko ni sehemu ya maisha ya nyota yenyewe, kwa hiyo hapa nitasema mruko.

Miruko mikubwa ya Vela huongeza kasi kwa sehemu mbili hivi katika milioni. Ukisikia hivyo utadhani ni kitu cha kupuuza. Basi hesabu nami. Vela huzunguka mara 11 na ushei kwa sekunde, yaani kama mara 967,000 kwa siku. Mruko wake wa mwaka 1969 ulikuwa wa sehemu 2.3 katika milioni, na sehemu 2.3 katika milioni za 967,000 ni mizunguko miwili na kidogo. Kesho yake, saa ile ile, nyota imekwisha kuitangulia hesabu yako kwa mizunguko miwili kamili na ziada. Baada ya wiki moja imeitangulia kwa 15. Mtu anayehesabu mapigo hawezi kukosa kuliona hilo.

Ukitaka kulitazama kwa upande mwingine: mruko ule ulifupisha mzunguko kwa nanosekunde 200 hivi. Kwa kuwa mzunguko wa Vela hurefuka kwa nanosekunde 11 kwa siku, siku 19 za uchovu zilifutwa kwa mpigo mmoja.

Miruko yote ni ya ukubwa huo?

Hapana. Midogo kabisa iliyopimwa ni ya sehemu chache katika trilioni, na mikubwa kabisa hufikia sehemu tatu hivi katika laki moja. Kati ya ncha hizo mbili kuna tofauti ya mara milioni kadhaa. Vela hupenda mikubwa. Ile ya Kaa huruka kidogo kidogo, kwa sehemu chache katika bilioni au katika milioni mia, ingawa Novemba 2017 ilitoa mruko mmoja uliozidi yote iliyowahi kutoa.

Mruko wa kwanza ulionekana lini?

Mwishoni mwa Februari au siku za mwanzo za Machi 1969, kwenye Vela. Waliouona ni makundi mawili yasiyotegemeana: V. Radhakrishnan na R. N. Manchester kwa darubini ya redio ya Parkes nchini Australia, na Paul Reichley na George Downs kwa antena ya Goldstone huko California, Marekani. Wote walikuta kwamba kati ya kipimo kimoja na kilichofuata pulsa ilikuwa imeongeza kasi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Pulsa zenyewe zilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo tu katika sayansi. Kabla mwaka haujaisha, ile ya Kaa nayo ikaruka.

Tangu hapo imerekodiwa miruko zaidi ya 600.

Mnajuaje kwamba si saa ya darubini iliyokosea?

Hili ni swali zuri, na ndilo la kwanza kuulizwa katika kituo chochote mapigo yanapofika kabla ya wakati wake. Kwanza, darubini moja hupima pulsa nyingi kwa saa ile ile ya atomu. Saa ikikosea, pulsa zote zitaonekana zimeruka kwa pamoja. Ikiruka moja peke yake huku jirani zake zimetulia, saa haina hatia. Pili, darubini za mabara mbalimbali huona jambo lile lile kwa ukubwa ule ule, kama ilivyotokea 1969. Tatu, mruko unaonekana hata kwa darubini za angani zinazopokea eksirei au miali ya gama, ambazo hazina uhusiano wowote na antena za redio zilizo ardhini.

Mruko unaonekanaje kwenye data?

Kwanza mapigo hukusanywa. Pigo moja moja la pulsa nyingi ni dhaifu mno, kwa hiyo maelfu yake hupangwa moja juu ya jingine mpaka umbo lionekane. Kisha wakati wa kufika husahihishwa kwa mwendo wa Dunia, kwa maana Dunia ikiwa upande huu wa Jua au ule, pigo linaweza kuwahi au kuchelewa kwa dakika nane na ushei. Baada ya hapo wakati halisi hulinganishwa na ule uliotabiriwa, na tofauti inachorwa kwenye grafu, siku baada ya siku.

Pulsa ikitulia, grafu hiyo ni mstari wa nukta uliolala kwenye sifuri. Zinapanda kidogo, zinashuka kidogo, kwa sababu ya kelele za vipimo. Kisha, siku moja, nukta inayofuata iko chini kidogo. Ya kesho yake iko chini zaidi. Keshokutwa, chini zaidi tena. Mstari umevunjika kama kijiti, na kipande cha pili kinateremka moja kwa moja. Kila nukta inasema kwamba pigo limefika mapema kuliko jana lilivyofika mapema. Ukirefusha kipande hicho kurudi nyuma mpaka kikutane na kile kilicholala, pale vinapokutana ndipo nyota iliporuka. Ukali wa mteremko ndio ukubwa wa mruko. Mimi sijaona grafu nyingine katika elimu ya nyota iliyo rahisi hivi na inayosema mengi hivi.

Nini kinachosababisha mruko?

Chukua mayai mawili, moja bichi na moja la kuchemsha. Yazungushe mezani. Liguse la kuchemsha kwa kidole lisimame, kisha liachie: limesimama. Fanya hivyo hivyo kwa lile bichi, kidole kiguse tu na kuondoka. Litaanza kuzunguka tena lenyewe. Ulisimamisha ganda, lakini ute ulio ndani uliendelea na mwendo wake, na ulipoondoa kidole ukalivuta ganda.

Nyota ya nutroni inafanana zaidi na yai bichi. Nje ina ganda gumu lenye unene wa kilomita moja hivi, lililojengwa kwa viini vya atomu vilivyojipanga kama fuwele. Kuanzia ndani ya ganda hilo kuelekea chini kuna bahari ya nutroni zilizo huru, nazo ni kimiminika kisicho na mnato hata kidogo: kikianza kuzunguka hakuna msuguano wa kukisimamisha. Uga wa sumaku umelishika ganda, kwa hiyo ganda ndilo linalopunguzwa mwendo, na mapigo tunayoyapokea yanahesabu mzunguko wa ganda. Kimiminika cha ndani kinabaki na kasi yake ya zamani. Pengo kati ya viwili hivyo linakua siku hadi siku, mwaka hadi mwaka, mpaka kinapofika wakati kimiminika kinamwaga sehemu ya mwendo wake kwa ganda mara moja. Huo ndio mruko.

Wazo la kwamba ndani kuna kimiminika cha aina hiyo ni la zamani kuliko pulsa zenyewe. Mwanafizikia wa Kisovieti Arkady Migdal alilitoa mwaka 1959. Watu hushangaa wakisikia hivyo, kwa sababu ndani ya nyota hizi kuna joto la nyuzi milioni mia moja na zaidi, na vimiminika visivyo na mnato tunavyovijua maabara vinahitaji baridi kali. Lakini nutroni zimesongamana mno, na kwa msongamano ule nyuzi milioni mia ni baridi.

Kama hakuna msuguano, kimiminika kinamwagaje mwendo wake?

Hapa ndipo penye uhondo wote. Kimiminika cha namna hii hakizunguki kwa ujumla wake kama maji ya ndoo iliyokorogwa. Sheria za kwantamu hazikiruhusu. Kinazunguka kwa kugawanyika katika visulisuli vyembamba kupita kiasi, vilivyosimama sambamba na mhimili wa nyota, na kila kimoja kinabeba kipimo kile kile cha mzunguko, si zaidi wala si pungufu. Wingi wa visulisuli ndio unaoamua kasi. Kwa mwendo wa Vela, hesabu inatoa visulisuli kama 70,000 katika kila sentimita ya mraba.

Kimiminika kikitaka kupunguza kasi, njia ni moja tu: visulisuli vitawanyike, vitoke katikati kuelekea nje. Ila ndani ya ganda vinakuta viini vya atomu vilivyojipanga, vinanasa humo kama nguo kwenye miiba. Vikinasa, idadi yake mahali pale haibadiliki, na kasi ya kimiminika haibadiliki. Ganda linaendelea kupungua, kimiminika hakipungui, na nguvu inayovisukuma visulisuli nje inaongezeka kadiri pengo linavyokua. Mwisho baadhi vinachomoka. Vikichomoka vinawagusa majirani, majirani nao wanachomoka, na kundi kubwa linaporomoka kwa pamoja kama mchanga wa kichuguu. Mwendo uliokuwa umefungiwa kwenye kimiminika unahamia kwenye ganda. P. W. Anderson na N. Itoh ndio walioandika wazo hili mwaka 1975, na hadi leo ndilo linalotegemewa zaidi.

Jambo ambalo halijakaa sawa ni cheche ya kwanza: nini hasa kinachomoa kisulisuli cha mwanzo. Pengine pengo lenyewe linatosha. Pengine ganda linapasuka na kuvitikisa. Nadharia zote mbili zina watetezi wenye hoja.

Si nilisikia kwamba ni tetemeko la nyota?

Ulisikia sawa, na lilikuwa jibu la mapema kabisa, la mwaka 1969. Nyota inapozunguka kwa kasi hutuna kidogo kiunoni. Ikipunguza kasi ingependa kuwa mviringo zaidi, lakini ganda ni gumu na limebaki na umbo la zamani. Mkazo unajengeka, ganda linapasuka, nyota inajikusanya kidogo na kuzunguka haraka zaidi, kama mchezaji anayekunja mikono kifuani akiwa anajizungusha.

Kwa miruko midogo ya pulsa ya Kaa maelezo haya yangeweza kusimama. Kwa Vela yanaanguka kwenye hesabu. Mruko mkubwa kama wake ungehitaji ganda likusanye mkazo kwa karne nyingi kabla ya kupasuka tena, na Vela haisubiri hata miaka mitano. Kwa hiyo tetemeko limebaki kama cheche inayowezekana, lakini hazina ya mwendo lazima iwe mahali pengine.

Hazina hiyo ni kubwa kiasi gani?

Ukijumlisha miruko ya Vela kwa miaka mingi unaweza kukadiria. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1999 na Bennett Link, Richard Epstein na James Lattimer ilionyesha kwamba angalau asilimia 1.4 ya inesha ya mzunguko wa nyota, yaani ukaidi wake wa kubadilishwa mwendo, lazima iwe kwenye hicho kimiminika kinachohifadhi mwendo. Kimiminika kilicho ndani ya ganda kilionekana kutosha, na watu wakapumua.

Mwaka 2012 na 2013 mambo yakageuka. Ilielezwa kwamba nutroni za ndani ya ganda haziko huru kama zinavyoitwa, kwa sababu mpangilio wa viini unaziburuta pamoja nao. Ukizingatia mburuto huo, hazina ya ganda inapungua na huenda haitoshi kwa Vela. Basi sehemu ya kiini cha nyota nayo ingekuwa inashiriki, au nyota ni nyepesi na ina ganda nene kuliko tulivyodhani, au mburuto wenyewe ni mdogo. Mjadala huu mimi naufuatilia kwa hamu kuliko mwingine wowote, maana mabadiliko ya nanosekunde chache yanatumika kupima kitu kilichozikwa chini ya kilomita ya maada iliyo ngumu kuliko chuma. Njia za kuona ndani ya nyota ya nutroni ni chache sana, na mruko ni mojawapo.

Baada ya mruko nyota hurudi ilivyokuwa?

Kwa sehemu. Kiasi fulani cha kasi iliyoongezeka hupotea katika dakika, siku au wiki zinazofuata, na kiasi kingine hubaki. Pia kasi ya kupungua yenyewe hubadilika: baada ya mruko Vela hupunguza mwendo kwa haraka kidogo kuliko awali, kwa kadiri ya asilimia moja, kisha inarejea taratibu kwa miezi na miaka. Maelezo ya kawaida ni kwamba sehemu ya kimiminika imejitenga na ganda kwa muda, hivyo sumaku inafunga breki kwenye mwili mwepesi zaidi.

Taratibu hiyo ya kurejea ndiyo iliyowashawishi wengi, tangu 1969 yenyewe, kwamba ndani kuna kimiminika. Jiwe zima lisingechukua miezi kutulia.

Kuna mtu aliyewahi kuuona mruko ukitokea, wakati ule ule?

Yupo, na hii ndiyo habari ninayopenda kuisimulia kuliko zote.

Kwa miaka mingi miruko iligunduliwa baadaye: leo pulsa iko sawa, wiki ijayo imesharuka, na katikati hapakuwa na mtu. Huko Hobart, kisiwani Tasmania, watu waliamua kuielekeza darubini kwa Vela karibu muda wote inapokuwa juu ya upeo. Mkesha wa Krismasi 1988 waliunasa mruko ukitokea wakati darubini inatazama, na wakaona kwamba ulikamilika ndani ya dakika mbili au chini ya hapo. Lakini vipimo vya siku zile havikuweza kutenganisha pigo moja na jingine.

Tarehe 12 Desemba 2016 darubini ya Mount Pleasant, huko huko karibu na Hobart, yenye sahani ya mita 26, ilikuwa ikirekodi kila pigo la Vela peke yake. Mapigo yalikuwa yakija, moja kila milisekunde 89. Likaja moja pana kuliko kawaida. Lililofuata halikuja. Mahali pake palikuwa kimya. Kisha yakaja mawili ambayo mawimbi yake hayakuwa na mpangilio wa mtetemo uliozoeleka kwa Vela, na baada yake, kwa muda wa sekunde mbili na nusu hivi, mapigo yakawa yanafika yamechelewa kidogo. Halafu kila kitu kikarudi kama kawaida, ila nyota sasa ilikuwa inazunguka haraka zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018, kazi ikiongozwa na Jim Palfreyman.

Pigo lililokosekana lilituambia kwamba tukio la ndani lilifika mpaka juu, kwenye uga wa sumaku unaozalisha mawimbi ya redio, likauzima kwa mzunguko mmoja. Mwaka uliofuata kundi lililoongozwa na Greg Ashton likazichambua tena data zile zile. Likakuta kwamba kupanda kwa kasi kulichukua chini ya sekunde 13, kwamba nyota ilipanda kupita kiwango chake cha mwisho kisha ikashuka kutulia ndani ya dakika moja hivi, na kwamba kabla tu ya kuruka inaonekana ilipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayechuchumaa kabla ya kuruka. Kule kupanda kupita kiasi kunaashiria kwamba ndani kuna angalau sehemu tatu zinazovutana, si mbili.

Vela iko umbali wa miaka ya nuru 900 na ushei. Kimya kile cha milisekunde 89 kilikuwa njiani tangu karne ya 11.

Ni pulsa zipi huruka zaidi?

Zenye umri mdogo, ila zisiwe changa mno. Vela ina miaka 11,000 hivi na iko kwenye umri wa kuruka sana. Ile ya Kaa haijafikisha miaka elfu moja na miruko yake ni midogo. Huenda bado ina joto la kutosha kufanya visulisuli viteleze bila kunasa sana. Pulsa kongwe huruka mara chache.

Zile za milisekunde, zilizozeeka kisha zikaongezwa kasi na nyota mwenza, karibu haziruki kabisa. Zinajulikana mbili tu zilizofanya hivyo, kwa miruko midogo mno. Hiyo ni bahati yetu, kwa kuwa hizo ndizo zinazotumika kama saa za kutafutia mawimbi ya graviti, yaani mitetemo ya anga lenyewe, yenye vipindi vya miaka.

Kuna mruko wa kurudi nyuma?

Upo. Aprili 2012, nyota ya aina ya magneta iitwayo 1E 2259+586 ilipunguza kasi ghafla badala ya kuongeza. Darubini ya angani ya Swift ndiyo iliyokuwa ikiifuatilia. Magneta ni nyota za nutroni zenye uga wa sumaku mkali kuliko pulsa za kawaida, na matendo yake hayatabiriki.

Nyingine, SGR 1935+2154, ilitoa miruko miwili mikubwa ya kuongeza kasi Oktoba 2022 ikiwa imepishana kwa saa tisa hivi, na katikati yake ikatoa mlipuko mfupi wa redio. Milipuko ya namna hiyo imekuwa fumbo kubwa tangu ilipogunduliwa ikitoka galaksi za mbali. Ikithibitika kwamba mruko na mlipuko vinahusiana, mada hii ya saa zinazojisogeza itakuwa imefungua mlango ambao hakuna aliyeutarajia mwaka 1969.

Mruko hutoa mawimbi ya graviti?

Kinadharia unaweza. Vela iliporuka mwaka 2006, data za LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi hayo, zilichunguzwa na hakuna kilichopatikana.

Inawezekana kuiga mruko maabara?

Imeshafanyika maabara, na pia kwa kompyuta. Miaka ya 1970 huko Tbilisi, Georgia, Tsakadze na wenzake walizungusha chombo chenye heliamu iliyopoozwa mpaka ikapoteza mnato, wakakiacha kipungue mwendo chenyewe, nacho kikaonyesha mikurupuko midogo ya kuongeza kasi. Mwaka 2023 watafiti wa Innsbruck, Austria, pamoja na wenzao wa Italia, waliiga kwa kompyuta atomu baridi sana zilizojipanga kama fuwele huku zikitiririka kama kimiminika kisicho na mnato, yaani ganda la nyota kwa mfano mdogo, wakaona visulisuli vikinasa na kuchomoka.

Kuna hatari yoyote kwetu?

Hakuna. Nyota ziko mbali mno.

Mtu asiye na darubini kubwa anaweza kushiriki?

Kwa Vela, ndiyo, ikiwa uko mahali inapopanda vizuri. Ni nyota ya anga ya kusini, na jina lake ni la Kilatini, maana yake matanga ya merikebu. Ni miongoni mwa pulsa zenye redio kali kuliko zote. Wapenzi wa redio wameipokea kwa antena walizojijengea na vipokezi vya bei ndogo vya kompyuta, na mruko wake umeonekana hata kwenye vipimo vya namna hiyo. Kazi ngumu ni uvumilivu: kupima siku baada ya siku na kuweka saa sahihi.

Je, mruko unaweza kutabiriwa?

Kwa pulsa moja, karibu sana. PSR J0537-6910 iko kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, huzunguka mara moja kwa milisekunde 16 na huruka kila baada ya siku 100 hivi. Imeonekana kwamba ukubwa wa mruko wa leo unakuambia utasubiri muda gani mpaka ule wa kesho: ikiruka sana inakaa sana, ikiruka kidogo inarudi upesi. Ni kama akiba iliyotumika nyingi, inayohitaji muda zaidi kujaa tena. Pulsa nyingi nyingine hazina utaratibu huo. Miruko yao inakuja bila mpango, midogo mingi na mikubwa michache.

Vela iko katikati. Ilijirudia 12 Desemba 2016, kisha 1 Februari 2019, kisha 22 Julai 2021, kisha 29 Aprili 2024. Ukihesabu utapata miaka miwili na miezi miwili hivi, miwili na nusu, miwili na miezi tisa. Zinakaribiana, lakini hazitoshi kukuambia tarehe. Anayetaka kulikuta tena pigo linalokosekana hana budi kuacha darubini ikiitazama Vela usiku na mchana, na kurekodi kila milisekunde 89.